Gemu 1,046, na Zote Nimepanga

Jumamosi moja ya Januari mpwa wangu alinipigia simu kutoka Unguja. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha bila kuzungukazunguka akauliza: "Mjomba, wewe una gemu ngapi?" Kwake hilo ni swali jepesi. Anazo mbili, na moja ina mkwaruzo. Nikamwambia asubiri nihesabu. Nilidhani nitamjibu kabla chai haijapoa. Nilimjibu baada ya wiki tano.

Naishi Rayners Lane, kaskazini-magharibi ya London, mahali ambapo treni nyingi za njia ya Piccadilly huishia. Abiria waliosinzia huamshwa na tangazo kwamba safari imekwisha, wakashuka wameduwaa kama kuku walionyeshewa. Stesheni yenyewe ni sanduku kubwa la matofali na vioo, la mwaka 1938, kazi ya wasanifu Charles Holden na Reginald Uren. Ukitoka nje unapokewa na barabara ya Alexandra Avenue na maduka yake, mihogo na bamia zimepangwa mlangoni kama vile uko soko la Darajani kule Unguja, ila muuzaji amevaa koti la kwendea vitani. Januari, saa kumi na moja za jioni giza limeshatanda. Mtu mzima hukaa ndani, na mtu akikaa ndani sana hujitafutia kazi. Mimi nilijitafutia ya kupanga gemu.

Hesabu ilianza vibaya kwa sababu gemu zangu hazikai mahali pamoja. Nyingi ziko Steam, duka la mtandaoni lililofunguliwa na kampuni ya Valve mwaka 2003. Nyingine ziko Epic, ambao tangu Desemba 2018 wamekuwa wakigawa gemu za bure ili kuvuta wateja, nami ni mteja anayevutika. Ziko GOG, duka la Wapolandi lililoanza mwaka 2008 kwa kuuza gemu za zamani. Ziko pia kwenye maduka mawili ya konsoli. Kila duka na akaunti yake, kila akaunti na nenosiri lake, na baadhi ya manenosiri hayo niliyatunga usiku wa manane nikiwa mtu mwingine kabisa. Nilipofanikiwa kuingia kote nikajumlisha: 1,143. Nikaondoa zilizojirudia, 97, zikabaki 1,046. Gemu moja ya ukulima nilikuwa nimeinunua katika maduka matatu, na sijawahi kupanda humo hata shina la mchicha.

Ndani ya hizo 1,046, gemu 640 sijawahi kuzifungua. Gemu 194 nilizifungua nikaziacha kabla saa moja haijatimia. Zinabaki 212 ambazo naweza kusema nimezicheza, na nilizozimaliza ni 58.

Najua nitachekwa, na wa kwanza kunicheka atakuwa yule anayelipia chaneli mia mbili za televisheni ili atazame mpira Jumapili. Lakini wanaofuatilia mambo haya watajua kwamba mimi si kiroja. Maduka ya mtandaoni hushusha bei mara kwa mara, na gemu ya pauni 40 ikiuzwa kwa pauni 3 mtu haangalii tena kama anaihitaji. Ananunua punguzo. Tangu mwaka 2010 kuna pia mafurushi ya Humble, gemu kadhaa kwa bei ya sahani ya biriani. Unaitaka moja, unapewa na wenzake saba. Halafu kuna jambo ambalo sikuliona mpaka nilipopanga orodha kwa tarehe ya ununuzi: karibu zote nilizinunua Alhamisi na Ijumaa usiku, nimetoka kazini nimechoka. Nilikuwa nanunua wikendi. Wikendi yenyewe ilikuja, ikaisha kwa kufua nguo na kwenda sokoni.

Wiki ya kwanza nilipanga kwa aina: mbio za magari, mapigano, mafumbo, mpira, ukulima, vita. Siku ya pili tu mfumo ukaporomoka. Steam inakuruhusu kutengeneza mikusanyiko inayojijaza yenyewe kwa kufuata lebo, na lebo huwekwa na wachezaji, ambao hawana adabu ya mkutubi. Gemu yangu ya kuendesha klabu ya mpira ilijitokeza kwenye michezo, kwenye mikakati, kwenye uigizaji na kwenye usimamizi. Wiki ya pili nikapanga kwa miaka, kama mtu wa nyaraka, nikagundua kwamba siku nikitaka kucheza sijiulizi gemu ni ya mwaka gani.

Wiki ya tatu nikapata dawa, nikageuka kuwa mlevi wake. Kuna programu ya bure iitwayo Playnite, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na kazi yake ni kukusanya gemu za maduka yote zikaonekana katika dirisha moja. GOG nao wana yao, Galaxy, inayofanya kazi ya namna hiyo. Mwenye akaunti zaidi ya mbili nampendekezea moja kati ya hizo bila kusita. Itamwokoa na aibu ya kununua shamba mara tatu. Tatizo ni kwamba programu hizi hukuletea jalada la kila gemu, saa ulizocheza, nyota, picha za nyuma, nawe unaanza kupamba. Nilikesha usiku mmoja mpaka saa nane nikibadilisha majalada ili rangi zilingane. Asubuhi nikajiuliza nimecheza nini. Nilikuwa nimecheza gemu ya kupanga gemu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenye kibanda cha gemu wa mtaa wetu wa Kikwajuni, Unguja.

Alikuwa na televisheni mbili, PlayStation mbili, na albamu la plastiki la kuwekea CD. Ndani ya albamu mlikuwa na CD ishirini na tatu. Nalijua hilo kwa sababu sote tulilijua. Majina aliyaandika kwa kalamu ya wino mzito, mengine kakosea herufi. Hakupanga kwa aina wala kwa mwaka. Kurasa za mbele ziliwekwa zile tulizotaka tukitoka skuli, yaani mpira na ngumi. Katikati ziliwekwa za watu wazima waliokuja baada ya Isha, ambao walipenda magari. Nyuma kabisa ziliwekwa CD zilizogoma, akisubiri siku ya kuzipaka dawa ya meno na kuzisugua kwa kitambaa laini, tiba ambayo mara nyingine ilifaulu. Alipanga kwa watu na kwa saa. Mtoto akiingia tu, mkono wake ulishafika kwenye ukurasa.

Nikafuta mikusanyiko yangu yote nikatengeneza mitano. Wa kwanza nimeuita Wali Jikoni: gemu za dakika ishirini, muda wa wali kuiva. Wa pili ni wa kucheza na binti yangu. Wa tatu ni wa Jumamosi usiku, hadithi ndefu zinazotaka mtu atulie. Wa nne ni Nimemaliza, ambao naufungua mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kukaa. Wa tano ni Sitacheza.

Huu wa tano ndio ninaoutetea kwa nguvu zote. Wapenzi wa gemu wana tabia ya kuita gemu wasizozicheza kiporo, na kukizungumzia kiporo hicho kama deni la dukani: nimelipa kumi, zimebaki mia sita. Upuuzi. Hakuna anayenidai. Nilihamisha gemu 571 kwenda Sitacheza, nikazificha zisionekane, na usingizi wangu ukaimarika. Sikuzifuta, kuficha kunatosha. Na hata ningetaka kuziweka zote kwenye kompyuta nisingeweza. Diski yangu ni ya terabaiti moja, na gemu kama Baldur's Gate 3 peke yake inataka gigabaiti 150. Sita za ukubwa huo na diski imekwisha. Kwa hiyo nimejiwekea sheria kwamba zilizosakinishwa zisizidi kumi, na ya kumi na moja ikitaka kuingia, moja itoke. Mwenye kibanda wetu naye ukurasa wa mbele ulikuwa na mifuko minne tu.

Ni katika kuhamisha huko, wiki ya nne, nilipofika kwenye gemu moja ya mpira niliyoichezea miaka miwili pamoja na rafiki zangu, mmoja Leicester na mwingine Dubai. Nilitaka kuiangalia mara ya mwisho kabla ya kuiweka Nimemaliza. Nikabofya. Ikanijibu kwa upole kwamba seva zake zimefungwa na asante kwa kuwa nasi. Hata mazoezi ya peke yako hayakufunguka. Jina lipo kwenye orodha, jalada lipo, risiti ipo kwenye barua pepe, gemu haipo. Duka silitaji; lilifanya lililoandikwa kwenye masharti, na masharti niliyakubali bila kuyasoma kama kila mtu.

Mke wangu alikuwa mezani akipiga hesabu za kodi ya mwezi. Akauliza, "Unafanya nini saa hizi?" Nikamwambia napanga gemu. Akacheka bila kuinua kichwa. "Nyumba tumepanga. Kumbe na gemu pia umepanga?"

Nimeishi na Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia neno hilo namna ile. Kupanga ni kuweka vitu kwa taratibu yake. Kupanga ni kukaa katika nyumba ya mwingine kwa kulipa. Jinsi maana hizo mbili zilivyokutana nawaachia wanaisimu. Mimi naona tu kwamba anayepanga zaidi katika maana ya kwanza ni yule aliyepanga katika maana ya pili. Mwenye nyumba akichoka na chumba huvunja ukuta. Mpangaji husogeza kabati. Wiki nne nilikuwa nasogeza makabati.

Lugha yetu ina utajiri hapa, na ni utajiri wenye faida ya kisheria. Tuna kununua, tuna kukodi, tuna kupanga, tuna kuazima. Baiskeli unaikodi, chumba unakipanga, sufuria la shughuli unaliazima kwa jirani na kulirudisha limesuguliwa. Hakuna mtoto wa miaka sita anayechanganya manne hayo. Maduka ya gemu yamechagua moja tu, lile tamu, na kuliandika juu ya kitufe: Nunua. Jimbo la California lilitunga sheria mwezi Septemba 2024, ikaanza kutumika Januari 1, 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno hilo kama hamwelezi mteja wazi kwamba anapewa leseni. Oktoba 2024, kabla hata ya tarehe hiyo, Steam wakaweka maelezo mafupi kwenye ukurasa wa kulipia: unachopata ni leseni. Miaka ishirini na moja baada ya kufungua duka. Nilipoyaona mara ya kwanza niliyapita kama tunavyopita kibao cha onyo kwenye nguzo ya umeme.

Kisa kilichowaamsha wengi ni cha The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014. Ilihitaji intaneti muda wote, hata ukiendesha peke yako. Desemba 2023 iliondolewa madukani, Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na muda mfupi baadaye wachezaji wakakuta leseni zao zimefutwa kwenye akaunti. Mmarekani mmoja, Ross Scott, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza video kuhusu gemu, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Katika Umoja wa Ulaya ombi lao lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Hapa Uingereza lilivuka laki moja, kiwango kinacholifikisha jambo mbele ya wabunge, na Novemba 2025 wakalijadili pale Westminster. Serikali ilikwisha sema haina mpango wa kubadili sheria ya mlaji.

Hoja ya watengenezaji naielewa. Seva ni umeme, ni mishahara, ni ulinzi dhidi ya wadukuzi. Huwezi kumlazimisha mtu aiwashe milele kwa wachezaji thelathini waliobaki. Ila kampeni haiombi hivyo. Inaomba kwamba siku ya kuondoka kampuni iiache gemu katika hali ya kuchezeka, kwa kuondoa ulazima wa seva au kuwaachia wachezaji namna ya kuendesha zao. Mwenye nyumba anayo haki ya kuuza kiwanja. Kubomoa huku godoro la mpangaji limo ndani ni jambo jingine. Na kama kazi hiyo ni ngumu baada ya gemu kukamilika, basi ifikiriwe kabla, kama fundi anavyofikiria mlango wa dharura kabla hajamwaga zege.

Mahakama nazo hazijatusaidia sana. Septemba 2019 mahakama ya Paris iliamua kwamba mteja wa Steam ana haki ya kuiuza tena gemu yake kama anavyouza kitabu alichokisoma. Tukashangilia. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. Tukanyamaza.

Kila nikienda stesheni napita mbele ya jengo ambalo wageni hulipiga picha: lililokuwa sinema ya Grosvenor, la mwaka 1936, kazi ya msanifu F. E. Bromige, lenye mkunjo wa zege katikati ya uso wake unaofanana na mkonga wa tembo. Leo ni kituo cha Wazoroastri, watu wa dini ya wazazi wake Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa mwaka 1946. (Mzanzibari yeyote hapa London lazima amtaje Freddie Mercury ndani ya saa moja, nimetimiza.) Jengo hilo limewekwa kwenye daraja la juu la ulinzi wa majengo ya kihistoria, na anayetaka kuligusa tofali lazima aombe ruhusa. Filamu zilizoonyeshwa ndani yake hazikuwa mali ya sinema. Zilikuja kwenye makopo, zikaonyeshwa, zikarudishwa kwa msambazaji, sawa na zilivyokuwa zikija Majestic na Cine Afrique kule kwetu. Kwa hiyo upangaji wa burudani si jambo jipya. Jipya ni kwamba zamani aliyepanga alikuwa mwenye sinema, naye alijua. Mtazamaji alinunua tiketi ya saa mbili, naye alijua. Mimi ndiye wa kwanza kupanga huku nikiambiwa nimenunua.

Na ulinzi unaotolewa kwa mkonga ule wa zege gemu hazina. Mwaka 2023 shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilichapisha utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Duka la konsoli za Nintendo 3DS na Wii U lilifungwa Machi 2023. La Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Ulichokwisha kupakua unacho, kwa muda ambao mashine yako itaendelea kupumua.

Nilimsimulia haya mzee mmoja wa Kigujarati ninayekutana naye kwenye duka la mboga. Alizaliwa Jinja, na Kiswahili chake kina vumbi la Uganda lakini kinatembea. Alinisikiliza akichagua bilinganya, moja baada ya nyingine. Kisha akasema: "Kijana, mimi nilikuwa na hati. Hati ninayo mpaka leo." Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90, na baadhi ya waliokuja Uingereza wamezeeka hapahapa kwetu Harrow. Duka la baba yake, nyumba, gari, vyote vilikuwa na karatasi zenye mhuri. Niliona haya. Nimekuja kulilia gemu ya mpira mbele ya mtu aliyepokonywa mji. Mlinganisho huo sitausogeza mbele zaidi, ila tangu siku ile nikisikia mtu anasema kilicho salama ni kile chenye hati, nakumbuka bilinganya.

Upande wetu wa dunia upangaji huu una kero ya ziada: mara nyingine hata kupangishwa tunakataliwa. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipo rasmi katika sehemu kubwa ya Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170, na watu waliokwisha kulipa wakabaki wakijiuliza watafungua akaunti ya nchi gani. Kelele zilipozidi Sony walilegeza ndani ya siku chache. Binamu yangu wa Muscat hakuelewa tulikuwa tunapigia kelele nini, kwa kuwa Oman imo kwenye orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Mpwa wangu Unguja, kama vijana wengi, akitaka akaunti hujaza anwani ya nchi asiyoijua hata hali ya hewa yake. Ni uongo mdogo, wala simlaumu. Lakini akiwa na gemu mia mbili zilizokalia uongo huo, siku duka likiamua kukagua atakuwa na la kujibu na hatakuwa na pa kulalamika. Tume ya Ushindani ya Tanzania na wenzao wa Kenya wangeliangalia hili sasa, soko likiwa bado dogo. Wakianza, waanze na kitufe: anayeuza leseni kwa Kiswahili asiandike Nunua. Maneno tunayo.

Likaja swali la mwisho, ambalo lilitoka tena kwa mke wangu. "Ukifa, hizi zinakwenda kwa nani?" Masharti ya Steam yanasema akaunti haihamishiki kwa mwingine. Nikajaribu kumfikiria kadhi wa Mwanakwerekwe akigawa mirathi yangu: marehemu ameacha mtoto, kwa hiyo mke hupata thumni, na thumni ya gemu 1,046 ni 130 na robo tatu. Ile robo tatu tulicheka nayo mpaka majirani wakagonga ukuta. GOG, kwa kuwatendea haki, walisema mwaka 2024 kwamba mahakama ikiamuru akaunti ihamishwe watajitahidi kushirikiana. Kwingine tegemeo la mrithi ni kujua nenosiri, na duka lisijue kwamba mwenyewe amefariki.

Gemu tunayocheza na binti yangu miezi hii inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 2024, na mwanzilishi wa studio iliyoitengeneza, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yuleyule aliyempa Bayek sauti katika Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa, na alichoachiwa na baba ni kitabu; akikifungua tunaingia katika hadithi ya mganga kijana, Zau, anayefanya mapatano na Kalunga, bwana wa mauti, ili amrudishie Baba. Unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Mara ya kwanza binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni na cha kugombezwa, aliposikia shujaa wa gemu akisema "Baba", aligeuka kuniangalia kama nimeitwa mimi. Kitabu cha Zuberi kilimfikia kwa kuwa kilikuwa kitabu. Gemu hii inayosimulia kisa hicho mimi nimeipanga dukani, na kwa masharti niliyoyakubali siwezi kumwachia.

Nilichokifanya ni kidogo. Gemu 140 nilizonazo GOG zinakuja na faili za kusakinisha ambazo hazimwombi mtu ruhusa. Nimezipakua zote kwenye diski ya nje ya terabaiti 4, na nakala ya pili kwenye diski nyingine, maana diski nazo hufa bila kuaga. Ilichukua wikendi mbili na intaneti ya nyumba nzima ilinuna. Kwenye daftari la skuli nimeandika kila akaunti, barua pepe yake, na namna ya kupata zile namba zinazotumwa kwenye simu, nikaliweka kwenye droo pamoja na mkataba wa nyumba. Na sinunui tena gemu nisiyoweza kuianza usiku huohuo. Tangu Februari nimenunua mbili.

Wiki ya tano nilimpigia mpwa wangu kumpa jibu lake. "Elfu moja na arubaini na sita." Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. "Sasa mjomba," akasema, "ukilala nani anazicheza?"

Mwezi wa Juni nakwenda nyumbani. Kwenye duka la mitumba la hisani nimepata konsoli ya zamani na diski tisa ndani ya mfuko wa plastiki, zote kwa bei ya chakula cha mchana. Tatu ni za mpira. Nilimsomea mpwa wangu majina, akayarudia taratibu kama anayeandika. Nikamwambia moja ina mkwaruzo, akasema hilo analiweza, dawa ya meno ipo. Kisha akauliza akishazimaliza zote afanye nini.

"Zako hizo," nikamwambia. "Mpe umtakaye."